Dereva wa Upande wa Kulia

Maji yalikuwa upande wa kulia tu. Kila asubuhi Remigio Tarqui alipofungua kigari chake alikuta dimbwi la ukubwa wa sahani juu ya plaiwudi, na kwa fundi bomba aliyekula miaka kumi na tisa akiziba mabomba ya mji wa El Alto, hiyo ilikuwa dharau. Alikagua rejeta, paa, raba za milango. Kote kukavu. Mwishowe akachovya kidole, akaonja.

"Primitiva!" alimwita mkewe. "Njoo uonje. Yana chumvi!"

"Mimi nionje maji ya garini? Onja wewe, si ndiwe uliyekinunua."

Maji ya chumvi, katika mji ulioketi juu ya mlima, bahari iko mbali ng'ambo ya mpaka! Walicheka, wakakausha kwa tambara, wakaenda kazini.

Kigari chenyewe kilikuwa cheupe, kimekuja kwa meli kutoka Japani. Kwa kuwa huku magari hupita upande wa kulia wa barabara, si kushoto kama Japani, usukani wake ulikuwa umehamishwa kutoka kulia kwenda kushoto, na waliohamisha wakaacha matundu pale pedeli za zamani zilipokuwa. Remigio alitumia siku tatu kukigeuza kuwa gari la kazi. Aling'oa kiti cha kulia, akatandika plaiwudi, akachomelea keria ya ngazi na mabomba, akapanga koki na elbo za mabomba kwenye makopo ya maziwa, akaandika namba ya simu mlangoni kwa rangi ya bluu. Miaka yote walikuwa wakisukuma mkokoteni, mume mbele, mke nyuma. Sasa Primitiva alikaa juu ya sanduku la spana pale kiti kilipokuwa, sketi zake pana zimejaa hadi mlangoni, na alijiona bibi harusi.

Kosa lilifanyika siku ya kukinywesha. Chombo kipya hakianzi kazi kabla hakijamwagiwa bia na pombe kali, maua yakatupwa juu ya boneti, na Pachamama, Mama Ardhi, akapewa tone lake la kwanza. Na unayemwita siku hiyo, umemkaribisha. Remigio alinywesha magurudumu manne vizuri kabisa. Halafu, bia ikiwa imempanda kichwani, akainama akamimina glasi nzima kwenye yale matundu.

"Na wewe dereva wa zamani, kunywa! Kaa na sisi, kazi ipo tele!"

Majirani waliokusanyika walivunjika mbavu. Primitiva peke yake hakucheka.

"Umemwalika nani, wewe bwana?"

"Aa, mzaha tu, mke wangu."

Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Wiki ya pili, wakiteremka kwenda kwa mteja, Remigio aliona mguu wa kushoto wa mkewe unakanyaga sakafu, unaachia, unakanyaga tena, kila yeye mwenyewe alipobadilisha gia.

"Miguu yako inafanya nini?"

"Miguu gani?" Primitiva aliuliza, na mguu ukaendelea.

Mkanda wa kiti kisichokuwepo ulikuwa umempita kifuani, umefungwa kwenye kishikizo chake, na wala hakuufunga yeye. Tangu siku hiyo hakula. Alilala macho wazi, nywele zake zikanuka mwani na chumvi hata baada ya kuoshwa, na mchana kweupe, amekaa kwenye kiti cha jikoni, mikono yake ikazunguka hewani taratibu, kulia, kushoto, kulia, huku kutoka uani, ambako kigari kilikuwa kimezimwa na kufungwa, zikisikika pedeli zikikanyagwa na kuachiwa, zikikanyagwa na kuachiwa, kwa kufuatana na mikono ile. Remigio aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Kazi, gari, vyote alikuwa tayari kuvitupa, mkewe hapana.

Alimwendea Bibi Asunta, mganga aliyepigwa na radi utotoni akaamka na uganga wake. Bibi akatupa majani ya koka, ramli yake, juu ya kitambaa, akayatazama kwa muda mrefu.

"Roho ya mkeo haiko mwilini, mwanangu. Iko garini, na mgeni wako. Jina lake nani?"

"Sijui, bibi."

"Hulijui?" Akashusha sauti. "Unamwitaje mtu nyumbani na jina lake hulijui? Mimi nitamfukuzaje?"

"Nisaidie hivyo hivyo, bibi. Nakuomba."

"Nitamwita Primitiva mara tatu. Ya tatu, wewe utaitikia kwa niaba yake: 'Naja.' Papo hapo, na kwa sauti."

Adhuhuri walikipeleka kigari uwandani, nje ya mji, pamoja na Primitiva, wakafungua milango yote. Bibi Asunta akapunga shali ya Primitiva kuelekea upande wa kulia wa kigari, akaita. Upepo ukatulia. Akaita tena. Mara ya tatu sauti yake ilikatika, na jibu likaja papo hapo, chini chini.

"Naja."

Bibi akaikunja shali upesi kama anayefunika kifaranga, akamvika Primitiva mabegani. Primitiva akapepesa macho. Akatazama mlima, akatazama mikono yake.

"Nina njaa," alisema.

Remigio alilia bila haya, akambusu viganja, akakusanya vitu. Bibi Asunta akaingia nyuma, katikati ya makopo ya koki, amechoka lakini ameridhika.

"Umeitikia vizuri, mwanangu. Hukuchelewa."

Remigio akageuka. "Mimi? Sikuwahi hata kufungua mdomo, bibi. Nilidhani ni wewe."

Wakatazamana.

"Nipe funguo," Primitiva alisema kwa upole. "Umechoka wewe, pumzika."

Akampa. Remigio alikuwa ameshakaa kwenye sanduku la spana, na kigari kimeshaondoka bila hata kushtuka, gia zikiingia laini, ndipo alipokumbuka kuwa mkewe hajawahi kuendesha hata baiskeli. Walifika lami. Primitiva akawasha taa ya kona, akatazama huku na huku kwa adabu zote, akaingia upande wa kushoto wa barabara, na mbele yao lori la saruji likaanza kupiga honi.

"Primitiva," Remigio alinong'ona. "Primitiva!"

Aliendelea kutazama mbele, ametulia, kama mtu anayesikia mwingine akiitwa.