Njaa ya Ganda

Vilianza kuungua viatu, na vya kushoto tu. Fundi viatu aliviacha rafuni vizima, akirudi kutoka kula anakuta soli zimegeuka nyeusi, zinanuka nyama badala ya ngozi.

"Mama Amani, hiyo hasira yako na serikali imeanza kuniunguzia viatu vya watu," alimtania mkewe.

Mama Amani hakucheka. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya kampeni yake: mabomu ya kutegwa ardhini yapigwe marufuku. Chumba cha mbele kilikuwa karakana ya mumewe, cha nyuma ofisi yake, na mezani kwake lilikaa ganda la bomu lililotolewa baruti, dogo kama kopo la rangi ya viatu. Kila mkutano alilibeba. Watu walilikanyaga, wakasikia springi ikisema *ta*, wakacheka kwa woga, kisha wakatia saini. Wa kwanza kabisa kulikanyaga alikuwa binti yao, siku mama yake alipojaribu hotuba nyumbani.

Adhuhuri moja mwenye duka la jirani alifuata viatu vyake. Huyu mkutanoni alilikanyaga kwa mbwembwe, akainama kama mwigizaji. Alivaa cha kulia, akavaa cha kushoto, akasimama juu ya sakafu ya saruji. Ofisini, ambako hakukuwa na mtu, kitu kikasema *ta*.

Mguu wake ukapasuka. Hakukuwa na moto wala moshi, ila kishindo kilichowaziba masikio, na nyama na vipande vya mfupa vikaruka hadi darini na kuganda kwenye viatu vya wateja, na mtu yule akaanguka akipapasa sakafu kutafuta kisigino ambacho hakikuwepo tena, na fundi akamrukia akamkaza paja kwa kamba za viatu huku damu ikimtapakaa kifuani, na katikati ya mayowe yote hayo Mama Amani akasikia, kutoka chumba cha nyuma, mtu anatafuna taratibu.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Nimesikia. Usiende."

Alikwenda. Ganda lilikuwa pale pale mezani, limelowa damu, nayo damu ilikuwa inanywewa.

Mganga waliyemwita jioni ile, bibi mmoja mkavu asiyependa salamu ndefu, aligoma kuvuka kizingiti cha ofisi.

"Jini huyu alizikwa njiani akaahidiwa miguu," alisema kwa sauti ya chini. "Aliyetoa baruti hakutoa njaa. Nani mwingine amekanyaga?"

Binti alikuwa mlangoni na begi lake la shule, anajikuna kisigino cha kushoto. "Kinaniunguza, mama."

"Anashibishwa na aliyemleta, kwa hiari yake," mganga alisema. "Sina dawa nyingine."

Mama Amani aliliweka ganda sakafuni. Mumewe akamshika mkono, analia waziwazi. "Mke wangu, tukalitupe mtoni!"

"Mtoni wanaoga watu."

Akakanyaga kwa uzito wake wote, akasikia *ta*, akamtazama mwanawe, akainua mguu. Kishindo kilimtupa ukutani. Alipofumbua macho aliuona mfupa wake, mweupe, umechongoka chini ya goti, na ganda limekuwa unga wa kutu.

Siku nyingi baadaye fundi aliingia wodini mbio, amebeba habari usoni.

"Wametia saini! Ni marufuku nchi nzima! Mabomu yote ya ghalani yametolewa baruti!"

Mama Amani alicheka hadi mshono ukamuuma. Kisha akauliza: "Na maganda?"

"Si ulipendekeza mwenyewe kwenye barua yako ya kwanza kwa serikali? Yamegawiwa mashuleni, watoto wajifunze."

Binti yao, aliyeingia na baba yake, alikuwa amesimama kando ya kitanda. "La kwetu lililetwa jana, mama. Nilimwambia mwalimu naogopa. Akasema nianze mimi, maana mimi ndiye mtoto wa Mama Amani. Wenzangu wote wakafuata."

Aliinama akavua kiatu cha kushoto. Wodi ikanuka nyama.

Mama Amani alijivuta hadi ukingoni, akamkamata kiunoni na kumpandisha kitandani, miguu isiguse chini. "Usishuke, mwanangu. Usikanyage popote."

Ng'ambo ya barabara kengele ya shule ikalia, na watoto wakatoka wakikimbia.