Kabla Chai Haijapoa

“Diski ya nne iko wapi?”

Seremala alikuwa amepiga magoti mbele ya deki, kasha limefunguka mapajani. Akaitoa ya tatu, akairudisha. Akaitoa ya tano, akairudisha. Katikati palikuwa na nafasi tupu.

Mchumba wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Nesi, alikaa kwenye kochi huku mikono yote miwili ikiwa juu ya mkoba. Diski ya nne ilikuwa humo ndani, imeviringishwa kwenye bandeji safi.

“Labda dukani hawakuiweka,” alisema.

“Jumapili iliyopita zilikuwepo zote. Nilizihesabu mwenyewe.”

“Basi tuanze na ya tano.”

Mama yake Seremala alivua miwani, akamtazama mkwe wake mtarajiwa kama aliyetukanwa.

“Turuke? Mwanangu, Baba Kofia harukwi. Miaka ishirini nimengoja kukiona tena kipindi hiki, leo niruke kama mbuzi?”

Kilikuwa kichekesho cha familia cha zamani, cha enzi zile televisheni moja ikitazamwa na nyumba tano. Baba Kofia, mkewe asiyeshindwa kwa maneno, watoto watatu watundu, na vicheko vya watu wasioonekana. Kila kipindi kulikuwa na ugomvi, na kila ugomvi Baba Kofia alisimama mlangoni, akagusa kofia yake na kusema, “Narudi kabla chai haijapoa!” Kweli alirudi, kikombe bado kinafuka moshi, ameshika ua au samahani. Sasa kimetolewa kwenye diski. Seremala alikuwa amelileta lile kasha kwa mbwembwe: kila Jumapili alasiri vipindi viwili, yeye, mama na mchumba, mpaka siku ya harusi. Harusi yenyewe ilibakiza siku kumi na tatu.

“Huyu sikumlea peke yangu,” mama aliendelea. “Baba yake alipotuacha, nilimkalisha hapahapa nikamwambia, mwanaume ni yule, tazama. Kunyoa ndevu kajifunza kwake. Kuomba msamaha kajifunza kwake.”

“Na kupigilia misumari,” Seremala alisema.

“Misumari hapana. Yule alikuwa anajigonga kidole kila wiki.”

Wakacheka. Nesi naye akacheka, ila amechelewa kidogo, kama mtu aliyetafsiriwa mzaha.

Alijua kidole kile. Alikijua kilivyonuka tumbaku. Baba Kofia alikuwa baba yake mzazi.

Alikuwa na miaka minane pale baba huyo aliposimama kwenye mlango wa nyumba yao ya kweli, akagusa kofia na kusema maneno yaleyale. Mama yake akammiminia chai. Chai ikapoa, ikafanya utando juu, asubuhi ikamwagwa. Nesi alipokua na mtu akamuuliza habari za baba, alijibu kwa mkato, “Alikufa.” Hata Seremala alimjibu hivyo, siku ya kwanza, na siku ya pili ikawa aibu kurekebisha. Mwaka ukapita. Sasa kila mara mpenzi wake alipotoka kwenda dukani na kusema kwa mzaha, “Narudi kabla chai haijapoa,” alikaa akitazama saa mpaka arudi.

Na kwenye kipindi cha saba, ndani ya diski ya nne, sura yake mwenyewe ilikuwemo.

“Isiwe taabu,” Seremala alisema akiinuka. “Hata diski ikipotea, nina mwenyewe.”

“Mwenyewe nani?”

“Nilitaka nikushtukize siku ya harusi, lakini mdomo unaniwasha.” Akatoa simu. “Wale waliotengeneza diski walinipa namba yake. Soma.”

Nesi alisoma, herufi zikicheza.

*“Shikamoo mzee. Ulinilea bila kujua. Naomba uje kwenye harusi yangu uwe mgeni rasmi.”*

*“Marahaba kijana wangu. Nitakuja, na kofia nitavaa. Bibi harusi anapenda kipande kipi, nimwigizie?”*

“Sijamjibu,” Seremala alisema, meno yote nje. “Haya, unapenda kipi?”

“Nakwenda kuweka chai.”

“Sasa hivi?”

“Sasa hivi.”

Jikoni alifungulia maji akasahau kuyafunga. Kwa siku moja aliweza kufunga vidonda arobaini bila kukosea. Sasa alimwaga majani ya chai nje ya birika. Angeweza kusema anaumwa. Angeweza kuahirisha harusi. Angeweza kuivunja diski, lakini baba aliyekwisha kualikwa angemvunja vipi? Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa amefika ukutani.

Akarudi na sinia, akamimina vikombe vitatu, akafungua mkoba. Ile bandeji akaiweka mezani.

“Iwekeni.”

Mama na mwana wakatazamana.

“Ulikuwa nayo wewe?” Seremala aliuliza.

“Iweke kwanza. Maswali baadaye.”

Kipindi cha saba kilianza kwa wimbo uleule. Dakika ya kumi, binti mdogo wa Baba Kofia aliingia akichechemea, akilia. Hakuwa yule wa siku zote. Baba Kofia alimkalisha kwenye kiti, akampuliza goti, akabandika plasta. “Goti la binti yangu ni goti langu,” alisema, na watu wasioonekana wakapiga makofi.

“Hapa ndipo ninapolia mimi,” mama alisema, leso tayari mkononi. Kisha leso ikasimama njiani. “Ngoja. Simamisha hapo.”

Seremala akabonyeza rimoti. Mtoto akaganda kwenye kioo, akitabasamu katikati ya machozi: kovu juu ya nyusi ya kulia, kishimo shavuni. Mama aligeuka taratibu. Kovu lilikuwa palepale. Kishimo hakikuwepo, kwa sababu hakuna aliyekuwa anacheka.

“Ni mimi,” Nesi alisema. “Yule mtoto wao aliugua surua, wakanichukua mimi siku moja. Yule ni baba yangu. Si wa kwenye kioo tu. Baba yangu.”

“Baba yako alikufa,” Seremala alisema.

“Hajafa. Alituacha.”

“Uliniambia alikufa. Nikakupa pole. Nililia, Nesi! Nilimlilia mtu ambaye jana kaniandikia ujumbe!”

“Nilijua utaumia.”

“Kwa hiyo ukaficha diski? Na harusini je, ungenificha mimi?”

“Sikujua umemwalika!”

“Mwaka mzima unakaa hapa, unacheka na sisi…”

“Ningesema nini?” Sauti yake ilipanda. “Kila siku unaniambia mwanaume ni yule. Kunyoa yule, kusamehe yule. Wewe umelelewa na baba yangu! Mimi hakunilea. Unaliona lile goti? Ni zima. Asubuhi ile nilianguka kwenye ngazi za studio, nikachubuka la kushoto, gauni likalifunika. Akapuliza lisilouma. Walipomaliza kurekodi akaenda zake kuvuta sigara. Nilikaa na plasta ile siku kumi na moja, sikutaka mtu aitoe. Ndiyo mara pekee aliyonigusa nikiumwa. Na wala sikuwa naumwa hapo!”

Seremala akachukua funguo mezani, akatoka. Hakugusa kofia, hakusema anarudi lini. Mlango tu.

Nesi aliusikiliza ule mlango kwa muda. Kisha akaanza kuivuta pete. Vidole vilikuwa vimevimba kwa joto la jikoni, ikakwama kwenye kifundo.

“Unafanya nini?” mama aliuliza.

“Nimemdanganya mwanao, mama.”

“Umemdanganya, na mimi umenidanganya, na hilo tutaligombania vizuri siku nyingine, nina maneno yangu. Lakini pete iache.” Akagusa kikombe cha mwanawe kwa mgongo wa mkono, kama anayepima homa. “Hii bado ya moto.”

“Hakusema atarudi.”

“Baba yake aliaga vizuri sana, na busu juu. Kuaga si kurudi.”

Dakika tano. Mama akagusa kikombe. Dakika kumi. Akagusa tena, safari hii akakifunika kwa kisahani. Mtoto wa kwenye kioo aliendelea kuganda, machozi hayadondoki.

Simu ya Nesi ikatetemeka.

*“Niko hapa kwenye ngazi. Sijui niingie vipi.”*

Mama alichungulia ujumbe bila aibu yoyote. “Mwambie mlango unasukumwa.”

Seremala akaingia, akasimama kwenye zulia na viatu vyake.

“Nilifika getini,” alisema. “Nikawa natafuta maneno ya kurudi nayo. Yote niliyonayo ni ya kwake.”

“Sema ya kwako,” Nesi alimwambia.

“Ya kwangu mabovu.”

“Lete hayohayo mabovu.”

“Nimekasirika. Nimekasirika sana. Na kukuoa bado nataka. Ukinidanganya tena nita…” Akatafuta. “Nitakasirika tena. Na wewe ukiniona nimetoka bila kusema, nipigie simu unitukane, usivue pete.”

“Haikutoka,” Nesi alisema, na hapo akalia.

Seremala alikaa karibu naye, akaushika mkono wenye pete. Kisha akauliza, “Nimwandikie asije?”

“Hapana. Mpigie. Nitaongea mwenyewe.”

Simu iliita mara mbili. Sauti ikajaa sebule, nene, yenye furaha, ileile:

“Bwana harusi wangu! Mwambie bibi harusi narudi kabla chai…”

“Baba, hapa hakuna watu wa kucheka.”

Upande wa pili kiti kililia.

“Ni wewe,” mzee alisema.

“Ni mimi. Bibi harusi ndiye mimi. Niliwaambia umekufa.”

“Hukudanganya sana.”

Nesi alinyoosha kidole akate simu. Seremala hakumzuia.

“Lile goti,” mzee alisema haraka. “La kushoto. Lilipona?”

Kidole kikabaki hewani.

“Uliliona?”

“Niliona damu imefika kwenye soksi. Mwongozaji alisema kamera iko kulia.”

“Na kamera ilipozimwa?”

Hapakuwa na mtu wa kumwandikia maneno.

“Ilipozimwa sikufanya kitu,” alisema. “Sina la kujitetea.”

Nesi alivuta pumzi. Tangu chai ile imwagwe, hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya baba yake aliyoiamini.

“Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa nane mchana,” alisema kwa sauti yake ya kazini, ile ya kumwambia mgonjwa kwamba itauma kidogo. “Kofia iache nyumbani. Hutaigiza, hutashika kipaza sauti. Mjomba ndiye atakayenisindikiza, kwa sababu yeye alikuwepo. Utakaa kiti cha nyuma. Ukichoka, uage kwa sauti ili nijue unaondoka.”

“Nitakuja, mwanangu.”

“Usiniambie utakuja. Njoo.”

Akakata. Seremala akaishika mikono yake yote miwili.

Mama alichukua kikombe chake, akaonja, akakunja uso.

“Imepoa,” alisema. Akanywa funda jingine. “Lakini inanyweka.”

Akawasogezea na wao vikombe vyao.