Picha ya Ijumaa

Siku shule zinapokaribia kufunguliwa, studio ya picha haina pa kukanyaga. Wazazi wanasukumana na watoto waliopakwa mafuta usoni mpaka wanameremeta, kila mtu anataka picha ndogo za kitambulisho, na kila mtu ana haraka kuliko mwenzake. Nyuma ya kaunta alikuwa binti wa marehemu mwenye studio, gauni la buluu lenye kola nyeupe, miwani ameipandisha kichwani, mkasi mkononi, anakata picha huku akiwajibu watu watatu kwa mpigo.

Ndipo akaingia kijana mmoja mrefu, koti lake lina mifuko kila mahali, hata pasipohitaji mfuko, na vumbi limempanda mpaka kwenye nyusi. Akaiweka kadi ya kamera juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Dada, mimi nina picha moja tu."

"Wote hao unaowaona wana picha moja tu. Panga foleni, kaka."

"Yangu ni moja, lakini ina vipande kumi na viwili."

Mkasi ukasimama. "Umeichana?"

"Sijaichana. Mlima wenyewe umekataa kuenea."

Mama mmoja kwenye foleni akaguna. "Si ungeuambia uvute pumzi ndani."

Watu wakacheka, na yule kijana akacheka nao. Meno yake yalikuwa kitu pekee kisafi mwilini mwake, na binti aliyaona, ingawa alijifanya anatafuta bahasha.

Akaeleza kazi yake huku akisukumwa huku na huku. Anasafiri, anapiga picha za nchi jinsi ilivyotandazwa: milima, mabonde, tambarare. Kwa kuwa jicho la kamera ni dogo na dunia ni pana, anasimama mahali pamoja, miguu haisogei, anageuka polepole kutoka kushoto kwenda kulia akipiga kipande baada ya kipande. Kila kipande kinaingia kidogo ndani ya mwenzake ili pawe na pa kuungia. Simu inaweza kukuunganishia, lakini inaupinda mlima kama ndizi. Kompyuta yake nayo ilikuwa imejaribu, mawingu yakaachana, na ng'ombe mmoja aliyekuwa anatembea akatokea ana vichwa viwili.

"Marehemu baba alinifundisha kuunga picha zilizochanika," alisema binti. "Rudi jioni."

Jioni akaikuta picha imelazwa mezani, ndefu kama mkeka. Akainama, akapitisha kidole juu yake bila kuigusa, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Umeungia wapi?"

"Ukipaona, usinilipe."

Akatafuta. Akatazama kwa muda mrefu, naye binti akamtazama anavyotazama, maana tangu baba yake afariki hakuna aliyewahi kuitazama kazi ya mikono yake namna ile. Wateja wake hutafuta sura zao tu na kulalamika kwamba pua imekuwa kubwa.

"Na yule ng'ombe?"

"Nimembakizia kichwa kimoja. Kitamtosha."

Tangu jioni ile kijana akamwita binti Gundi. Binti naye akamwita Mzururaji. Ukiona watu wameanza kupeana majina, ujue tayari.

Alikuwa akiondoka wiki mbili, tatu, anarudi na vumbi la rangi nyingine. Akiwa safarini humtumia Gundi vipande, naye huvishona usiku kazi ikipungua, akiongea na simu aliyoibana kwa bega. Mama yake, aliyekuwa chumba cha pili, alijifunza kusinzia kwa sauti ya vicheko vyao.

"Kitendawili," Mzururaji husema.

"Tega."

"Namfuata tangu utotoni. Nikipiga hatua, naye anapiga. Sijamgusa hata kidogo."

"Kivuli."

"Kivuli unakikanyaga. Huyu hakanyagiki."

Gundi akafikiri mpaka chai ikapoa. "Basi, nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa mji ulio nyuma ya ule mlima wako usioenea."

"Nimeupokea. Nimefika, nimekaribishwa, nimepewa kitanda. Lakini watu wa mji huu hawana adabu. Kila ninapopita wananiuliza, yule wako yuko wapi, mbona umekuja peke yako?"

"Na wewe unawajibu nini?"

"Nawaambia ana kazi, anakata pua za watu."

"Haya, muongo wangu, jibu ni nini?"

"Pale mbingu inapogusana na ardhi, mpenzi. Nikienda, nako kunakwenda."

Mwaka ukapita hivyo. Gundi hakuwa mtu wa kudai. Lakini siku moja Mama, akikunja nguo, alisema bila kumtazama, "Huyo wa kwenye simu ana miguu au ana sauti tu?" Binti akacheka, na usiku akalia kidogo, na asubuhi akamwambia Mzururaji kwamba wazee wanataka kumwona. Ajitambulishe, waijue sura yake, basi.

"Jumamosi hii," alijibu hapohapo. "Nakuja nimenyoa, nimevaa shati lenye mfuko mmoja. Lakini Mama yako alizaliwa bonde gani vile?"

Gundi akamtajia. Ni bonde ambalo Mama aliliacha akiwa msichana na hakurudi tena, maana magoti yake sasa hayakubali mlima.

"Niko karibu nalo. Nitampelekea bonde lake lote, atundike ukutani. Basi la kushuka kutoka huku linaondoka Ijumaa adhuhuri. Nitakuwa ndani yake."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Kisha simu yake haikupatikana tena.

Jumamosi shangazi alikuja tangu asubuhi, akaazima viti kwa jirani, akavipanga, akavipangua, akavipanga tena. Mjomba alifika na koti lake la harusini, limembana tumboni. Mama alivaa vitenge vyake vya zambarau na hereni ambazo Gundi hakuwahi kuziona zikitoka kwenye kopo lake. Naye Gundi alikuwa na gauni jipya la rangi ya krimu, la mikono mifupi, na alikuwa amesuka.

"Huyu mpiga picha asije akatuambia tujibane tuenee," alisema Mjomba, na watu wakacheka sana, kama watu waliokuwa wanatafuta sababu.

Saa ya chakula ikafika. Shangazi akafunika sufuria. Mjomba akatoa mzaha wa pili, wa tatu, kisha mizaha ikamwishia, akabaki anasoma gazeti alilokwisha kulisoma. Gundi alipiga simu, akapiga tena, akaambiwa na ile sauti ya mwanamke kwamba mteja hapatikani. Alianza kuwaza gari lililopinduka. Aliwaza mpaka akaona ni afadhali aibu kuliko hilo.

Jua lilipolala Mama alizivua hereni, moja, halafu nyingine. "Vile viti ni vya watu," alisema. "Virudisheni kabla hawajalala."

Jumatatu Mzururaji akaingia studio, ndevu zimeota, macho mekundu. Gundi alipomwona mzima alimpiga kifuani kwa ngumi mbili, halafu akamshikilia hapohapo alipompiga.

"Ukungu," alisema kijana, mdomo ukiwa kwenye nywele zake. "Gundi wangu, ukungu uliniziba. Bonde halikuonekana, njia haikuonekana, mtandao hakuna. Haukufunguka mpaka Jumamosi jioni. Na basi lingine ni Jumapili. Nisamehe."

"Nilidhani umekufa."

"Sijafa. Nimechoka tu, na nina njaa."

Nani angebishana na ukungu? Gundi alimkatia mkate, akamtazama anavyokula, wakacheka kuhusu koti la Mjomba, na Mzururaji akampigia Mama simu mwenyewe, akaomba radhi mpaka Mama akasema haya, mwanangu, Jumamosi hii basi. Akaacha kadi ya kamera ili picha ya bonde iungwe, akaenda kulala. Mchana ule Gundi aliwapa wateja wawili chenji iliyozidi, kwa furaha.

Mteja wa mwisho alipotoka alifungua kadi. Bonde lilikuwa pale, vipande vyote. Hewa safi kama imefuliwa, mto unaonekana hadi unapokata kona, mabati ya nyumba yanahesabika, hata moshi wa jiko la mtu ng'ambo. Akaviunga vizuri sana, na machozi yakamlenga akimfikiria Mama. Ilipokamilika aliona kuna seti nyingine kwenye kadi. Bonde lilelile, kutoka mahali palepale, lakini sasa jua ni la dhahabu na mawingu yamejipanga juu kama yaliitwa. Kamera huandika siku na saa chini ya kila kipande. Ile ya dhahabu, Jumamosi jioni.

Ile aliyoiunga, Ijumaa asubuhi.

Alikaa. Akaangalia tena, labda saa ya kamera imekosea. Akakumbuka kwamba Mzururaji angekubali atembee bila viatu kuliko kamera yake ikosee saa.

Mzururaji alipokuja kesho yake alimkuta Gundi amegeuza skrini itazame mlangoni.

"Ukungu ulifunguka lini?" aliuliza Gundi.

"Si nimekwambia, Jumamosi." Kisha akaiona skrini.

"Naona mpaka moshi wa jiko. Basi lako lilikuwa bado halijaondoka."

Mzururaji akavua begi begani, akaliweka chini. Hakutafuta uongo mwingine, na hilo Gundi alimshukuru kimoyomoyo.

"Ilikuwa nzuri," alisema kijana. "Lakini mwanga ulikuwa bapa, hauna vivuli. Nilijua nikingoja siku moja nitaipata ile yenyewe. Nilitaka Mama yako apate iliyo bora."

"Mama hakuwa anangoja picha. Alivaa hereni akakungoja wewe."

"Ningeshuka mpaka penye mtandao nikwambie nini? Kwamba nangoja wingu?"

"Ndiyo. Ningekasirika, ningekutukana, halafu ningekuelewa. Mimi ndiye ninayeunga mawingu yako, nani mwingine angekuelewa? Lakini uliniacha nihesabu magari yaliyopinduka."

Mzururaji alimshika mikono. "Nitaiuza. Leo hii naiuza kamera, nafungua duka hapa jirani. Jumamosi nakuja kwa wazee."

"Ukiiuza utanitazama maisha yako yote kama mtu aliyekupofua."

"Basi nifanye nini, Gundi?"

Gundi alimpenda, na jibu alilokuwa nalo lilikuwa linamchoma yeye kwanza. "Ile ya Ijumaa ilikuwa nzuri, imekamilika, iko mkononi mwako. Ukaiacha ukangoja nyingine. Mimi ndiye ile ya Ijumaa, mpenzi wangu. Leo unanitaka. Lakini siku moja nitakuwa nimesimama mbele yako mzima, sina kasoro, nawe utasema ngoja kidogo, huenda mwanga ukabadilika."

"Si kweli."

"Rudi siku utakayojua si kweli. Usinipigie kabla ya hapo."

Akaondoka, na kadi akaiacha. Kwa Mama, Gundi alisema amesafiri kikazi. Mama akamtazama usoni, akamwekea chakula.

Wiki zikaenda. Studio ilijaa, ikapungua. Gundi alikata sura za watu, akaunga picha za babu zao zilizoliwa na mende, na kila simu ilipolia mgongo wake ulijinyoosha wenyewe. Kwa bonde la Mama, alitundika lile la Ijumaa. Mama alisimama mbele ya picha akaonyesha kwa kidole, hapa tulikuwa tunachota maji, hapa nilianguka, akasahau kabisa kwamba alipaswa kuwa na hasira.

Halafu mchana mmoja simu ikalia, ni yeye.

"Niko kwenye basi," alisema, na nyuma yake injini ilikuwa inanguruma. "Nakuja. Sikuitwa, sina picha ya kuleta, nakuja mimi tu. Nimenyoa. Mwambie Mjomba avae koti."

Gundi akashika ukingo wa kaunta. "Leo?"

"Jioni niko mlangoni kwenu. Nimejiuliza usiku mwingi, Gundi. Nimejua si kweli. Nataka nikae mahali ambapo wewe..."

Injini iliendelea kunguruma.

"Upo?" aliuliza Gundi.

"Nipo. Nilikuwa nasema." Lakini sauti ilikuwa imekwenda mbali, imekuwa nyembamba, kama ya mtu anayeongea huku ameegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha.

"Unaona nini?"

"Hakuna kitu."

"Niambie tu."

"Mvua inanyesha upande mmoja wa tambarare. Upande wa pili jua. Inatembea, Gundi, imesimama wima kama ukuta, inatembea. Sijawahi kuona." Akavuta pumzi. "Lakini si kitu. Nilikuwa nasema..."

Gundi alifumba macho. Alijua yeye akinyamaza, Mzururaji atakuja. Jioni atakuwa mlangoni, amenyoa, na nusu ya macho yake itakuwa imebaki kule kwenye ule ukuta wa mvua.

"Mwambie dereva asimame," alisema.

"Nikishuka litaniacha. Hakuna lingine leo."

"Najua."

Akangoja. Alingoja kwa mwili wote aseme, mwache dereva aende zake, nakuja kwako. Alikuwa tayari kumwamini milele kwa neno hilo moja.

"Gundi," alisema Mzururaji, na alikuwa analia. Kisha Gundi akasikia kiganja kikigonga bati, sauti yake ikiita mbele, dereva, shusha hapa. Mlango. Upepo. Basi likiondoka.

"Nitakutumia vipande," alisema.

"Hapana, mpenzi. Hii iunge mwenyewe. Anzia kushoto, mvua isije ikakukimbia."

Hakukata simu, na yeye kule hakukumbuka kukata. Mteja alikuwa amesimama mbele ya kaunta na mtoto mgongoni, Gundi akamwonyesha kwa mkono akae kwanza. Akaisikiliza kamera ikilia, kipande baada ya kipande, polepole, bila kuruka hata kimoja, mpaka ikanyamaza. Akaiweka simu kifudifudi, akashusha miwani, akamuuliza yule mama anataka picha ngapi.