Uwanja wa Bibi Ozella

Wewe umeshaipita nyumba hii. Usiseme hujaipita. Uliona rangi imebanduka ukutani kama ngozi ya mtu aliyeungua, ukamwona mtoto mdogo amekaa chini ya ukuta ule anachezea udongo, ukageuza uso ukatazama upande wa pili wa barabara. Ukajiambia hayo ni ya wenyewe. Haya basi, kaa hapa uyasikie ya wenyewe.

Yalikuwa majira ya machipuko, theluji ya mwisho imeyeyuka na kuacha matope Mtaa wa Hester mzima. Huku kwetu kando ya Ziwa Erie, kaskazini mwa Marekani, Jumamosi ya kwanza yenye joto haina mjadala. Ile nailoni iliyobandikwa madirishani kuzuia baridi inabanduliwa, madirisha yanafunguliwa, mazulia yanatolewa nje na kupigwa fimbo, na kila mwenye mikono anapewa kazi. Kezia, msichana wa miaka kumi na miwili, alipewa madirisha.

Kazi hiyo ilikuwa na sababu yake. Wakati wa baridi, kliniki walimpima damu mdogo wake Tobi, mtoto wa miaka miwili, wakakuta ina madini ya risasi. Nesi Marisol alimweleza mama yao jambo hilo taratibu. Rangi ya nyumba za zamani ina madini hayo ndani yake. Kila dirisha linapopandishwa na kushushwa, rangi husagika ikawa unga, unga huangukia kizingiti cha dirisha na sakafu, mtoto hushika, kisha hulamba vidole. Hapati homa wala upele. Sumu inakwenda kimya kimya hadi kwenye ubongo. Kwa hiyo nesi alitoa amri chache tu: msifagie pakavu, futeni kila siku kwa tambara lililoloweshwa maji ya sabuni, mwosheni mtoto mikono kabla hajala, na msimwache acheze kwenye udongo mtupu karibu na nyumba.

Usidhani hayo yaligunduliwa juzi. Wataalamu walijua zamani. Nchi nyingine ziliikataa rangi ile ndani ya nyumba wakati babu zetu wangali vijana. Hapa Marekani iliendelea kuuzwa madukani mpaka mwaka 1978, na ilipopigwa marufuku, nani alikuja Mtaa wa Hester kuikwangua? Hakuja mtu. Iliachwa ukutani, sisi tukaachwa ndani.

Mama yake Kezia, Lorraine, alifanya kazi katika chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, akirudi jioni miguu imevimba. Ndoo na tambara akamkabidhi Kezia, kila siku baada ya shule. Habari ya udongo akampelekea mama yake mzazi, Bibi Ozella, kwa sababu uwanja ulikuwa mikononi mwa Bibi.

Bibi Ozella alilelewa jimbo la Georgia, kusini mwa nchi, na kwao nyasi karibu na nyumba ni aibu. Nyasi huficha nyoka, na mwenye nyasi mlangoni ni mvivu. Uwanja wa mtu mwenye heshima ni udongo mtupu uliofagiliwa hadi mistari ya ufagio ionekane. Alipohamia kaskazini na wanawe alikuja na desturi hiyo, akawa anafunga ufagio wake mwenyewe wa vijiti, na kila asubuhi yenye joto ungemwona ameinama, vumbi limemzunguka, anaimba wimbo wa kanisani. Bustani yake aliilima palepale chini ya ukuta unaotazama kusini, maana udongo wa hapo ndio unaowahi kupata joto. Ijumaa Kuu ndiyo siku ya kupanda, kama kwao: sukuma wiki, vitunguu, maharage. Mtaa mzima uliijua mboga ya Bibi Ozella.

Lorraine alipomwambia maneno ya nesi, Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi. Alisema amefagia uwanja tangu hajajua kusoma, na udongo haujawahi kumuua mtu wa kwao. Lorraine alikuwa amechoka, hakutaka kubishana. Tobi akaendelea kukaa karibu na miguu ya Bibi, anachimba kwa kijiko.

Na Kezia? Siku za mwanzo alifanya kazi vizuri. Alikamua tambara, akabadilisha maji, akapangusa hata pembe za dirisha. Lakini nje jua lilikuwa linaita, na rafiki yake Brielle alikuwa ameleta kamba mbili za kuruka. Wasichana walijipanga kando ya barabara, kamba zinapiga lami, na kila Kezia akichungulia alisikia anatajwa.

"Madamu Tambara," Brielle akamwita siku moja, "ukimaliza kuiogesha hiyo nyumba utatukuta tumeolewa."

Wenzake wakaangua kicheko. Kezia naye akacheka, ila usoni aliona moto. Kesho yake hakujaza ndoo. Alichukua ufagio wa jikoni, akapitisha juu ya vizingiti, shwa, shwa, akafagia sakafu, akatoka mbio. Nyuma yake vumbi lilibaki linaelea kwenye mwanga wa dirisha, jepesi, linapendeza hata. Jioni mama yake akamwuliza kama amefuta. Akajibu amefuta. Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani, na siku iliyofuata ikawa rahisi zaidi.

Baada ya Pasaka walirudi kliniki. Madini katika damu ya Tobi hayakupungua. Yalikuwa yamepanda. Nesi Marisol alisema yakipanda tena mtoto atalazwa, apewe dawa ya kuyatoa mwilini, na dawa hiyo si mchezo. Akauliza kama anaongea. Tobi alikuwa na neno lake moja alilolipenda kuliko yote, "basi," na kila basi lilipopita mtaani alilipigia kelele hadi likate kona. Siku hizi basi lilipita, yeye akalitazama tu.

Nyumbani ugomvi ulianzia jikoni. Lorraine hakuwa mtu wa kumjibu mama yake, lakini siku hiyo alijibu. Alisema yeye kazini anavunjika mgongo, Kezia anafuta kila siku, kwa hiyo limebaki jambo moja tu, na jambo hilo ni ule uwanja. Alisema Bibi anajali zaidi mistari ya ufagio kuliko mjukuu wake.

Bibi Ozella aliondoka jikoni polepole. Kezia, aliyekuwa amesimama kwenye ukumbi, alimwona anavuta sanduku kutoka juu ya kabati na kuanza kukunja nguo zake. Alisema, bila hasira, kwamba kaka yake yuko Georgia peke yake na nyumba ina nafasi. Kama yeye ndiye anayemharibu mtoto, hana haja ya kukaa hapa ahesabiwe makosa.

Kezia alishika fremu ya mlango. Alijua akinyamaza, Bibi ataondoka na mzigo wote, na hakuna atakayemwuliza yeye kitu tena. Ndoo ilikuwa kavu chini ya sinki tangu kabla ya Pasaka.

"Bibi, usiende," alisema. "Mimi sifuti. Nafagia pakavu halafu namdanganya mama."

Lorraine alitoka jikoni. Alimtazama binti yake kama mtu aliyepigwa kofi, akakaa kwenye kiti cha karibu. Bibi aliacha kukunja nguo, lakini sanduku hakulifunga.

Kesho yake Lorraine alimpigia simu Nesi Marisol akamweleza yote. Nesi alikuja na mwenzake wa afya, wakapangusa vizingiti kwa vitambaa maalumu, wakachota udongo sehemu mbalimbali za uwanja, wakavitia kila kimoja katika mfuko wake. Majibu yaliporudi, nesi aliketi mezani na kuwaeleza. Madirisha yalikuwa mabaya, sakafu mbaya. Lakini pabaya kuliko pote palikuwa chini ya ukuta wa kusini, penye bustani, ambapo miaka yote mvua ilikuwa ikiiosha rangi na kuishusha. Huko mbali, karibu na uzio, udongo ulikuwa salama.

Bibi Ozella alisikiliza, mikono juu ya meza. Akauliza kwa nini Georgia haikuwa hivyo, maana walifagia vilevile, walipanda ukutani vilevile. Nesi naye akamwuliza nyumba yao ilipakwa rangi gani.

"Rangi?" Bibi akasema. "Ilikuwa mbao tupu, mwanangu. Nani alikuwa na hela ya rangi?"

Wote walimwona anapoelewa. Akainuka, akavaa glavu, akatoka nje, akaing'oa miche yake mwenyewe, mmoja mmoja, akaitia kwenye mfuko wa taka na kufunga mdomo wa mfuko. Kezia alitaka kumsaidia. Bibi akamwashiria aingie ndani akajaze ndoo.

Jioni ndipo alipomwita, wakakaa barazani wawili.

"Sikiliza, Kezia. Ulidanganya, na kwa kila siku uliyodanganya mdogo wako alikula vumbi. Hilo ni lako, utalibeba na utalilipa kwa hiyo ndoo. Mimi niliambiwa nikacheka, kwa kuwa aliyeniambia ni mtoto niliyemzaa. Hilo ni langu. Lakini rangi hatukuipaka sisi. Ukikubali kosa lako, likubali lote, ila la mwenye nyumba usimbebee."

Mwenye nyumba, Bwana Kostura, alikuwa na nyumba nusu ya mtaa, na kila mpangaji aliyelalamika aliambiwa mlango unafunguka pande zote mbili, asiyeridhika ahame. Ndiyo maana watu walinyamaza. Lorraine mwenyewe alinyamaza wakati wa baridi, akiogopa kutolewa na watoto kwenye theluji. Sasa Bibi Ozella alizunguka nyumba hadi nyumba. Hakuhubiri. Aliwauliza akina mama swali moja tu: mtoto wako amepimwa? Siku chache baadaye akina mama hao walikwenda naye ofisi ya makazi ya mji kudai nyumba zikaguliwe, wamewabeba watoto, Kezia ameshika mkono wa Tobi.

Karani aliwaambia warudi wiki ijayo. Bibi akamjibu kwa adabu kwamba wiki ijayo watakuwa hapohapo, maana hawaondoki, na chakula wamekuja nacho. Wakafungua vyombo vyao, harufu ya kuku wa kukaanga ikajaa ofisi. Watoto wakalia, wakakimbia, wakataka choo. Kabla ya saa ya kufunga, mkubwa wa ofisi alitoka mwenyewe, akaahidi kutuma mkaguzi.

Mkaguzi alipokuja Mtaa wa Hester, Bwana Kostura alifika akiwa amekunja uso. Alilalamika kwamba nyumba hizi ni za zamani, kila mtu anajua, sasa wanataka awajengee ikulu?

"Ikulu kaa nayo," Bibi Ozella akamwambia. "Sisi tunataka madirisha."

Bwana Kostura akapewa amri ya maandishi ya kuzitengeneza nyumba, na kulikuwa na mtaa mzima wa kuifuatilia. Mafundi walikuja wamevaa barakoa, wakatandika nailoni chini, wakatoa madirisha ya zamani na kuweka mapya, wakaufunika ukuta wote wa nje. Udongo wa chini ya ukuta ulifunikwa kwa kitambaa kizito na vipande vya miti iliyosagwa. Karibu na uzio, Lorraine na Bibi waligongelea masanduku marefu ya mbao na kuyajaza udongo mpya. Bibi alinung'unika kwamba bustani ndani ya sanduku ni kama kumlea kuku kitandani, lakini alipanda. Ijumaa Kuu ilikuwa imepita zamani. Sukuma wiki haikujali.

Kezia alifuta kila siku. Brielle alipomwita Madamu Tambara tena, Kezia alimwambia majibu ya kipimo cha Tobi, kisha akamwuliza dirisha la kwao likoje. Brielle hakucheka. Alikwenda kumwambia mama yake.

Mwishoni mwa kiangazi madini katika damu ya Tobi yalikuwa yameshuka sana, na maneno yakaanza kurudi, mengine mapya, mengi ya ukaidi. Nesi Marisol alifurahi, lakini hakuwaficha kitu. Alisema kilichokwisha kuguswa ubongoni huenda kisirudi chote, na Tobi ataangaliwa kwa makini akianza shule. Lorraine alishukuru kwa kuambiwa ukweli. Akamtazama Kezia, akamwambia ukweli alioutoa mlangoni siku ile ulichelewa, lakini kama usingekuja, wangekuwa bado wanagombana jikoni huku mtoto anaendelea kulishwa sumu. Usafi si kuonekana umefagia, alisema. Usafi ni mtoto kuwa salama pale alipokaa.

Sasa wewe unayesoma. Funga kitabu. Nenda uangalie chumba anacholala mdogo wako, na mahali anapocheza. Rangi ikiwa inabanduka, usiikwangue. Mtoe mtoto hapo, mwoshe mikono, lowesha tambara, futa. Kisha mwambie mtu mzima aulize dukani wanakonunua rangi kama rangi iliyomo kwenye kopo ina madini ya risasi, na amwambie mwenye nyumba, na amwambie tena, na asiende peke yake. Fanya hivyo leo, kabla mtoto hajala.