Kifuniko cha Kikombe cha Praha

Alipofungua sanduku lake la safari nyumbani Chatsworth, Durban, Amne alikuta kikombe cha kauri kimelowa chepechepe, kifuniko juu, na nguo zote alizokizungushia ni kavu.

Mwanamke huyu alishona sare za shule miaka sita ili aione nchi ya Wacheki. Watu walimsema: si Makka, si kwao Tanga, Ucheki! Akaenda hivyo hivyo. Aliona kanisa lililopambwa kwa mifupa ya watu, akapita juu ya daraja la Praha katikati ya masanamu ya watakatifu, na chini ya daraja akanunua kikombe kwa mzee wa koti la kijani, pindo lake linadondosha maji na jua linawaka.

Mwongozaji wa watalii alimwonya kwa Kiingereza cha kukatakata. "Usikifungue. Huku tunasema jini la mto huweka roho za waliozama chini ya vifuniko. Akipoteza moja, hutafuta nyingine."

Amne alicheka na kupiga picha. Sasa jikoni kwake, kiburi cha utalii bado kiko kichwani, akafungua. Ikatoka pumzi ndefu, ya mtu aliyebanwa kifua siku nyingi.

"Nimemfungua maskini wa watu," akamwambia mumewe.

Twalibu hakucheka. "Eish, Amne. Na mwenye kikombe je?"

Tangu siku ile nyumba ikanuka tope la mto. Nyayo za maji zikawa zinatoka bafuni, zinapita sebuleni, zinasimama nyuma ya kiti cha Twalibu, na ukizifuta kwa tambara, ukalikamua, ukageuka kuanika, unazikuta tena palepale, na safari hii zimesogea karibu zaidi na kiti.

Wiki ile mama yake Twalibu alikuja kukaa nao. Ni katika wale wasioacha chombo wazi magharibi, shetani asije akaingia. Adhana ilipolia akazunguka jikoni na bismillahi yake: sufuria akafunika, jagi akafunika, ndoo akafunika. Akakiona kile kikombe na kifuniko chake pembeni. Akafunika.

Sebuleni Twalibu alikuwa anavua viatu. Akainua kichwa, akafungua mdomo kama anayetaka kuuliza jambo, na badala ya maneno yakamtoka maji, mengi, ya kijani, yananuka majani yaliyooza, yakamwagika kifuani na kwenye zulia huku Amne akimpiga mgongoni na kumwita, mpaka macho yakatulia. Alizama kwenye kiti, ndani ya nyumba yake.

Baada ya maziko maalim alitega sikio kwenye kikombe, akakiweka chini haraka.

"Kilipokuwa wazi jini hakuwa na pa kumtia mumeo," akanong'ona. "Mmemfungia wenyewe."

"Mfukuze," Amne akasema.

"Majini ya huku nayajua, mwanangu. Hili hata salamu yangu halielewi."

"Nikifungua?"

"Mumeo atapumzika. Na jini atarudi kutafuta mwingine humu."

Mama mkwe akakidaka kikombe. "Anichukue mimi. Umri nimeshiba."

Akainua kifuniko upana wa ukucha. Nyayo zikatoka bafuni zikichuruzika, zikampita pale alipokaa na mikono yake wazi, zikaingia chumbani, zikasimama kando ya kitanda cha mjukuu wake wa miaka minne, na mto wa mtoto ukaanza kulowa. Amne akakandamiza kifuniko kwa viganja viwili.

"Ni mwanangu yumo humo," mama mkwe akasema.

"Na huyu ni wangu."

Akakifunga kwa uzi wa cherehani, mizunguko arobaini. Siku hizi wanawake hao wawili hawasemezani. Magharibi ikifika, kifuniko hugongwa kutoka ndani, mara tatu, polepole, kama Twalibu alivyozoea kugonga mlango akitoka kazini. Amne huongeza sauti ya televisheni.

"Mama," binti yake humuuliza, "mbona humfungulii baba?"