Usimhesabu

Jua lilikuwa linazama Mama Hesabu alipotumwa wodini kumchukua mgonjwa. Jina hilo alipewa na wauguzi wenzake wa chumba cha upasuaji, kwa sababu katika miaka kumi na mmoja hajapoteza hata kitambaa kimoja. Kila kinachoingia tumboni mwa mgonjwa hukihesabu kwa sauti, na kila kinachotoka vilevile, kisha hukiandika ubaoni. Walimtania kwamba hata ngazi za kwake huzipanda kwa kuhesabu. Kusema kweli, ndivyo alivyofanya.

Kitu kimoja tu hakuthubutu kukihesabu: miezi ya mimba yake. Mimba tatu zilikwisha kuharibika. Hii ya nne ilikuwa imeanza kucheza, naye aliogopa hata kuitaja, asije akaitia mkosi.

Mgonjwa alikuwa bibi mmoja mkavu, mifupa mitupu, ila tumbo limemvimba upande mmoja, gumu kama jiwe la kusagia. Utumbo ulikuwa umeziba. Asipopasuliwa jioni ile, asingefika asubuhi. Picha ilionyesha kitu cheupe kilichojikunja. Kichwa. Uti wa mgongo. Magoti.

"Mimba ilitunga nje ya mfuko wa uzazi," daktari wa upasuaji alieleza, macho yakimng'aa. "Mtoto akafia humo, mwili ukamzungushia chokaa. Miaka arobaini! Kisa kama hiki daktari hukiona mara moja maishani, tena akiwa na bahati."

Bahati ya nani, Mama Hesabu alijiuliza.

Njiani, magurudumu ya kitanda yakilia kwi… kwi… bibi alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Mjukuu wangu. Wewe ndiye unayehesabu?"

"Ndiye mimi, bibi. Usiogope."

"Mtoeni. Lakini usimhesabu."

"Kwa nini?"

"Mama mkwe wangu hakunitaka. Alinifunga." Bibi alinong'ona, pumzi zikimkatika. "Alisema huyu hatazaliwa mpaka mtu amhesabu katika watoto wa watu. Usiku namsikia… anakwaruza." Macho yake yakashuka taratibu hadi tumboni mwa Mama Hesabu. "Kumbe una ujauzito. Nenda nyumbani, mama. Aje mwingine."

Hakukuwa na mwingine. Mwenzake wa zamu alikuwa kitandani na homa.

Daktari alipofungua tumbo, harufu ilijaa chumba. Haikuwa ya usaha wala ya dawa. Ilikuwa ya udongo uliolowa.

Akamwinua kwa mikono miwili, akamweka kwenye sinia.

Kok.

Chini ya chokaa vilionekana vidole. Vyote. Mama Hesabu aliuma ulimi, akageukia vitambaa vyake. "Kumi na nane… kumi na tisa… ishirini."

"Vifaa?"

"Vimetimia."

"Na kilichotolewa?" daktari aliuliza, sindano mkononi.

Mazoea yana taabu. Mdomo ulitangulia akili.

"Mtoto. Mmoja."

Kok.

Hakuna aliyekuwa amegusa sinia.

"Jiwe limeteleza," daktari alisema, bila kuinua uso. Ile harufu ikatoweka ghafla. Tumboni mwa Mama Hesabu mtoto alirusha teke moja la nguvu, halafu akanyamaza.

Mfanyakazi wa maabara alipokuja kulichukua sinia, aliduwaa. "Mbona jepesi hivi?" Daktari aligonga lile jiwe kwa kucha. Ndani palikuwa patupu. Alisema huenda nyama zilikwisha kuoza zamani, likabaki ganda. Lakini hakugonga mara ya pili.

Asubuhi bibi alikuwa hai, ameamka.

"Ulimhesabu?"

"Hapana, bibi."

"Mbona basi simsikii?" Machozi yalimlenga. "Miaka arobaini nimelala naye. Leo kimya."

Mama Hesabu alikwenda moja kwa moja kwa mpima picha za mimba, jirani yake wa miaka mingi. Alilala, akafumba macho. Kifaa kikateleza tumboni, kikasimama, kikarudi.

"We! Hongera, ni mapacha!"

"Mwezi uliopita ulimwona mmoja."

"Mara nyingine mmoja hujificha nyuma ya mwenzake." Mpima picha alisogea karibu na kioo cha mashine. Furaha ikampungua usoni. "Huyu anacheza vizuri. Huyu mwingine… ametulia tu. Mweupe mno. Amemkumbatia mwenzake shingoni."

Akavuta fomu, akachukua kalamu. Naye alikuwa na mazoea ya kazi yake.

"Usihesabu," Mama Hesabu alinong'ona. "Jirani, nakuomba… usihe—"

"Mmoja," mpima picha alisema, akiandika. "Wawili."

Kwenye kioo, yule mweupe akaanza kucheza.

Yule mwingine akatulia.