Nilisema Nimeona

Nina umri wa miaka sabini na mmoja, mkazi wa Mkomani, Lamu. Nimesomesha Kurani zaidi ya miaka arobaini. Alhamdulillahi kwa kila neema... lakini hili nitakalowaeleza linanila roho.

Macho yalikuwa sifa yangu. Mwezi wa Ramadhani ukitafutwa, watu waliningoja mimi niseme, "Nimeona!"

Binti yangu Zainabu alikuwa chuo kikuu, akichunguza viputo vya mafuta vidogo mno, vya kubebea dawa mwilini. Vilitiwa rangi, na chini ya hadubini viling'aa kama miezi gizani. Alikuwa akiifunza kompyuta kuvihesabu, nayo hujifunza kwa picha ambamo binadamu amekwisha kukizungushia duara kila kiputo.

Alikuja likizo na rundo la picha ndani ya tableti, muda umemwishia. Akanitania, "Baba, shahidi wa mwezi, hebu nisaidie nusu. Lakini waviona vyema?"

"Nimeuona mwezi mwembamba kama uzi, nitashindwa na hivi?"

Uongo! Mtoto wa jicho alikuwa amekwisha kuingia. Kila nuru niliiona mbili... Nilijua, nikaona haya kusema. Siku tatu nilichora maduara kwa kidole kwenye tableti yake, mengine kwa kubahatisha tu.

Kompyuta ikajifunza upofu wangu. Ikahesabu viputo pasipo na kitu, na kwa wingi huo Zainabu akaandika kuwa dawa yake imefaulu. Wakaguzi wa chuo walipozitazama picha wenyewe, maduara mengi yalizunguka giza tupu. Wakamuuliza nani kayachora. Mwanangu aliutambua mkono wangu... akajibu, "Ni mimi."

Akafukuzwa kwa kughushi! Na mimi je? Nilinyamaza mwaka mzima, huku nikifundisha watoto ubaya wa ushahidi wa uongo!

Nilipopasuliwa jicho ndipo nikaziona vyema picha zile kwenye tableti yake. Nililia. Nikaandika barua chuoni nikikiri yote. Wakajibu kwamba shauri limefungwa. Nilipomwangukia Zainabu, alisema tu, "Nalijua, Baba. Basi."

Sasa anashona kofia za vitundu kibarazani, tundu baada ya tundu, wala haniulizi tena kama naona.

Mwezi ulipotafutwa juzi, wazee wenzangu waligeuka kunitazama, kama zamani. Kulikuwa na wingu. Nikasema, "Sikuona."

Hakuna aliyenicheka. Hakuna aliyenidharau! Ndugu zangu wasomaji, nawasihi, msione haya kulitamka neno hilo mapema. Mimi nimelitamka mbele ya watu wote... lakini nilichelewa kwa yule mmoja ambaye lingemwokoa.